Jemadari wa Mogadishu Hajawahi Kufika Mogadishu

Sheffield, Uingereza

Kwa kaka yangu, Abowe Abdullahi,

Assalamu alaykum. Salamu ni haki ya kila Mwislamu, hata yule aliyetangaza kifo changu nikiwa hai, kwa hiyo pokea yako. Mimi ni mzima. Wewe najua ni mzima, maana wanaotoka Garissa wananiambia duka lako la sokoni Suq Mugdi limeongezwa chumba na sauti yako msikitini haijapungua hata kidogo. Watoto je? Yule mdogo aliyekuwa na surua amepona? Hao sina ugomvi nao.

Habari za mama sikuulizi. Mama hayuko kwako tena, na wewe ndiye sababu.

Umemtuma binamu yetu aniambie kwamba nikiacha hizi kelele zangu, nikarudi kuomba radhi mbele ya wazee, utanisamehe. Alinipa ujumbe huo akiangalia viatu vyake. Aliona aibu kwa niaba yako. Basi nakujibu. Tangu niondoke umeuliza watu wote nafanya nini huku isipokuwa mimi mwenyewe. Leo utasoma mpaka mwisho.

Nilipofika hapa nilipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, kuosha trei. Maji ya moto, mvuke, mashine zinanguruma kutwa, na hakuna wa kuzungumza naye. Ili nisipate wazimu nilikuwa natunga. Unajua nilikojifunza. Sisi wawili tulikuwa tunakaa nyuma ya wanawake harusini, mama akitoa buraanbur yake, mashairi ya wanawake, kila mstari umeshikwa na herufi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na wanawake wanapiga makofi. Wewe ulikuwa unasinzia. Mimi nilikuwa nahesabu herufi.

Pale kiwandani kulikuwa na kijana mmoja, Delroy, aliyezaliwa hapa hapa, wazazi wake wakitoka Jamaica. Akanisikia nikinung'unika juu ya trei akauliza, "Unaomba?" Nikamwambia, "Natunga." Akacheka. Jumamosi akanichukua mpaka duka moja la santuri. Nyuma ya duka vijana husimama duara, mmoja anapiga mdundo kutoka kwenye santuri, wengine wanapokezana maneno juu yake, na aliye hodari hushangiliwa. Hiyo ndiyo hip hop, abowe. Hakuna shetani pale. Kuna watu wenye njaa ya maneno, kama wale wa harusini, ila wamevaa kofia.

Siku ya kwanza walinifanya kichekesho. Kijana mmoja mrefu akaigiza mdomo wangu. Kiingereza changu ni cha Garissa, p inatoka b. Nikisema "people" inasikika "bibol". Akaibeba hiyo "bibol" kwa mistari kumi, duka zima likalia kwa kicheko, Delroy akiwamo. Nilirudi chumbani nikiwa nimeungua masikio.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Nilikuwa nimefanya kama mama angefanya: nimechukua herufi waliyonichekea na kuifunga kwenye kila neno la mkazo. Mkate, basi, damu, mpaka, ndugu. Kwa Kiingereza yote huanza na b. Kwa maneno nilitoka na mkate wa kiwandani, nikapanda basi, nikavuka mpaka wa Liboi na mifugo, nikafika kwa ndugu, na b haikuniponyoka hata mara moja. Nilipomaliza yule mrefu alivua kofia yake akanivalisha. Hakuna aliyecheka tena.

Kutoka hapo jina langu likatembea. Tukaalikwa Leeds, Bristol, Birmingham. Delroy alipiga santuri, mimi nilighani. Kumbi ndogo, jukwaa la mbao, watu mia ikiwa Mungu amependa. Redio za serikali hazikututaka, tukasikika kwenye zile za kificho zinazorushwa kutoka juu ya maghorofa. Mchana nilirudi kwenye trei zangu. Sikunywa, abowe. Umewaambia watu nilikunywa. Muulize binamu yetu ni nani aliyekuwa akimwamsha kwa sala ya alfajiri alipokuja kukaa kwangu.

Kisha akaja mtu wa kampuni ya muziki kutoka London. Shati jeupe, maneno laini. Akasema angependa kututolea kaseti. Tukarekodi nyimbo zetu zote kwa juma moja, na sitakuficha, nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mwishoni akanipiga picha nimesimama mbele ya ukuta, mkono mmoja mbele, akaniuliza, "Wewe ni wa Mogadishu, sivyo?"

"Hapana. Garissa. Kenya."

"Nani anaijua Garissa? Mogadishu wameiona kwenye televisheni."

"Sijafika Mogadishu hata siku moja."

Akatabasamu kama vile nimemwambia mzaha.

Nilipoiona kaseti ilikuwa tayari iko madukani. Juu ya jalada ni mimi, na nyuma yangu mji unawaka moto. Ule mkono wangu uliokuwa mtupu umewekewa bunduki ya kuchorwa. Chini pameandikwa kwa wino mwekundu: Jemadari wa Mogadishu. Nilikwenda mbio kwa Delroy. Alikuwa ameiona kabla haijachapishwa, akanyamaza asije akaharibu nafasi yetu.

"Ni picha tu, Idris," akaniambia.

"Kwenu ni picha. Kwetu mtu analala ndani kwa picha kama hii."

Hakunielewa. Nilikuwa bado natafuta namna ya kukueleza wewe na mama, nikachelewa. Kaseti ilishafika Eastleigh mikononi mwa watu, na kutoka Eastleigh ikapanda basi la Garissa.

Najua kilichokupata. Nimeambiwa. Polisi walikuja na jalada lile mkononi, wakapindua magunia yako ya sukari, wakakulaza kifudifudi mbele ya wateja wako, wakataka uwaonyeshe bunduki ilipo. Jambo hilo si dogo na sitalifanya dogo. Lau ungenipigia kelele miye peke yangu, ungenitukana kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, ningeinamisha kichwa. Lakini wewe ulitaka hadhira.

Nilipiga simu kwa mwenye taar wa Eastleigh. Unajua taar ilivyo: mimi niko kwenye simu, yeye anaisogeza simu kwenye redio yake, wewe uko kwenye redio ya Garissa, na kila mwenye redio kutoka Liboi hadi Hulugho anasikiliza akitafuna miraa.

Nikasema, "Abowe, nipe mama. Ova."

Ukasema, "Mama hazungumzi na majambazi. Ova."

"Ile picha ni ya uongo. Bunduki imechorwa. Ova."

"Na mimi nililazwa chini na bunduki ya kuchorwa? Ova."

"Nipe mama nimweleze. Dakika moja tu. Ova."

Nilisikia upepo wa redio. Kisha ukabadili sauti, ukaanza kuhutubia kama uko kwenye mimbari: "Ninyi nyote mnaosikiliza, mlio Garissa, mlio Liboi, mlio Hulugho, shuhudieni. Farah aliacha mtoto mmoja wa kiume, na ni mimi. Huyu anayezungumza hatumjui. Akifa asiletwe kwetu. Ova."

Mahali fulani, sijui wapi, mzee nisiyemjua akasema hewani, "Subhanallah." Mwenye taar akaniuliza polepole, "Ndugu, nikate?" Nikamwambia akate.

Nilifikiri mama alikuwa nyumbani. Ni habaryar Khadija, mdogo wake mama, aliyekuja kuniambia baadaye kwamba mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yako, amejifunga nguo yake mpya ya guntiino, akingoja zamu yake ya kusema nami. Ulilijua hilo, Abdullahi. Ulimzika mwanawe na mgongo wako uko mbele ya uso wake. Hakulia. Aliinuka, akaenda nyumbani, akafunga mkeka na sufuria, na kesho yake akapanda lori la Hulugho kwa mdogo wake. Umewaambia watu amekwenda kuwaangalia mbuzi.

Nikueleze na mwisho wa kampuni, ili usiseme nilijificha. Walikuwa wamepanga onyesho London, jioni, ukumbi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuingia. Nyuma ya jukwaa yule mtu wa shati jeupe alinishikia koti la kijeshi nivae. Nililitundika msumarini nikatoka na shati langu la kazini. Nikamwambia Delroy azime ngoma. Nikawaambia wale watu, bila mdundo: "Jina langu Idris. Natoka Garissa. Baba yangu alikuwa dalali wa mifugo, na silaha yake ilikuwa fimbo ya ngamia. Mtu mliyelipa kumwona hayupo duniani." Halafu nikaghani wimbo mpya nilioutunga kwenye treni, juu ya mtu aliyechorewa bunduki na ndugu yake akalazwa chini kwa ajili yake. Ndiyo, wewe. Jioni ile nilikuwa bado nakutetea.

Nusu ya ukumbi walinizomea. Walitaka Jemadari. Kampuni ilinifungia mlango kabla sijafika Sheffield, na kaseti yao inauzwa bado, bunduki ikiwamo. Delroy amepata mwingine wa kughani naye. Tukikutana kiwandani kila mtu anaangalia trei zake. Yale ya Bristol na Birmingham yamekwisha. Nimebaki na Jumamosi zangu nyuma ya duka, na nikirekodi narekodi jikoni, nanakili kaseti moja moja, namwandikia kila anayeitaka jina langu kwa kalamu.

Unataka niache hiyo? Hiyo ndiyo iliyobaki. Sitaacha, na sitakuja kusimama mbele ya wazee wako. Waliosikia taar wote ni wazee wangu vilevile, na mpaka leo sijaambiwa kwamba umewasha redio ile ile uwaambie ulisema uongo.

Jambo la mwisho ni hili, nakuandikia ili usilisikie kwa wapita njia ukaligeuza. Nilimrekodia mama kaseti. Nilimtungia kwa Kisomali, ndefu, upande mzima. Nilimweleza picha, polisi, koti la jeshi, yote, kila mstari ukiwa umeshikwa na herufi yake kama alivyonilea. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile na sidhani nitafanya tena. Dereva mmoja wa lori aliifikisha Hulugho. Habaryar aliazima redio kaseti, wanawake wa jirani wakaja, wakakaa chini wote, mama katikati.

Habaryar anasema mama alisikiliza bila kutikisa kichwa. Wanawake walianza kupiga makofi kwenye beti za mwisho, yeye akainua mkono wanyamaze. Kaseti ilipofika mwisho akasema irudishwe nyuma. Wakairudisha. Akasikiliza tena ameinamia spika. Kisha akauliza, "Mmesikia hapo?"

Wakamuuliza, "Wapi?"

"Hapo anapovuta pumzi. Mwanangu ana kikohozi. Mwambieni avae kitu kizito, na asilale kichwa kikiwa na maji."

Ni kweli, abowe. Mvuke wa kiwandani na baridi ya nje. Nakohoa tangu Novemba. Huku hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nisalimie shemeji, mke wako, aliyeninyoshea shati la safari siku ninaondoka. Nisalimie mwalimu wetu wa darasa la sita aliye jirani yako, na muuza maziwa wa pale kwenye kona, na watoto wako mmoja mmoja kwa majina yao. Habaryar na mama nawaandikia wenyewe. Nimeshanunua sweta.

Mimi,
Idris Farah