Miwani Yako Iko mu Mufuko Yangu

Mama Ngoie, bibi yangu wa ndoa,

Ni minyi, Baba Ngoie. Usiangalie namna nimeandika. Weye njo ulisoma kwa bamisionere, minyi nilisoma reli tu. Mwalimu wa kanisa alisema, "Papa, weye sema, minyi niandike." Nikamukatalia. Mambo ya bibi yangu haitapita mu kinywa ya muntu mwingine. Unanijua.

Treni haiko. Tangu vita ifunge njia, majani imeota pale gare, kituo ya treni, na mbuzi zinakula pale pale nilikuwa napindua reli, treni ishike njia yake. Minyi! Miaka yote ile, treni hata moja haikuanguka mu mikono yangu. Nilikuwa naona moshi ikingali mbali sana, bengine banasema ni wingu. Mutoto wetu Ngoie iko Kolwezi, iko muzima. Dada yako alipanda maua pale umelala, mbuzi zikaikula. Nimezifukuza na fimbo.

Sasa sikia. Kartoni ya pili ya miwani imefika.

Ile ile nilikuambia ungojee. Bantu ba kanisa kule Ulaya balikusanya miwani bamechoka nayo, bakatuma, ikalala Lubumbashi sababu ya vita. Kisha ikafika Luena, na toka Luena ikasukumwa juu ya kinga, ile baiskeli, mpaka huku, imefungwa na mipira ya magurudumu, imelowa mvua. Pasteri akaniita. "Papa, hakuna muntu anajua kugawa sawa weye." Ni kweli. Ile mambo ya sahani ya muchele, nani aliianzisha? Unachanganya muchele na tujiwe tudogo, unamuvalisha mama miwani, akitoa tujiwe yote, hiyo njo yake. Hata asiyejua kusoma anapimika. Muganga wa hospitali alicheka, akasema ile ni akili.

Lakini muchele ilikuwa yako. Ile siku ya kwanza ulikaa pa benchi unanijazia sahani, ukajaribu moja, ile nyeusi ya kioo nene. Ukatoa tujiwe haraka sawa kuku. Kisha ukaniangalia uso. "Yoo, Baba Ngoie! Kumbe umezeeka hivi, na hakuna muntu aliniambia!" Bamama bote bakaanguka na kicheko.

Na minyi nikakuvua.

Nikasema bibi ya mugawaji anapata mwisho, bantu basiseme nimekula vitu ya kanisa. Nikaisema kwa sauti, bote bajue minyi ni muntu wa namna gani. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, akaichukua, juu ya kuwa mukubwa anachagua mbele. Mpaka leo anaivaa mu kanisa. Anaishusha mpaka ncha ya pua, anaangalia juu yake, maana akiangalia ndani anajikwaa.

"Ngoja kartoni ya pili," nilikuambia. Ukasema, "Haya."

Mama Ngoie, ile "haya" yako.

Mu mukutano ya bamama ulikuwa unashika kitabu na kusema zaburi kwa kichwa. Bote balifikiri unasoma. Minyi nilijua, juu siku moja nilipita pa mulango nikaona kitabu imegeuka, chini iko juu, na weye unaendelea vizuri kabisa, hata kidole yako inafuata mustari. Macho yangu inaona mbali, siwezi kusema sikuona. Nikaenda zangu. Nilitakiwa kwenda kwa shefu siku ile ile. Lakini minyi, niombe kitu nilichotoa na mukono yangu? Nikaona heri unyamaze weye.

Bantu banasema homa njo ilikuua, na dawa ilikuwa haiko. Ni kweli. Lakini kitabu, homa haikukunyang'anya. Ni minyi.

Sasa mu kartoni hii nimepata moja ya kioo nene. Nilipojaribu ile yako zamani, dunia ilizunguka, nikashika meza. Na hii pia, nilishika meza. Nikaiweka mu mufuko. Pasteri sikumuambia. Unaona? Muntu aliogopa kuitwa mwizi, njo sasa ameiba.

Nilitaka kukuletea. Sahani yako na kikombe yako iko juu ya kaburi, tumeitoboa namna ya desturi, bapita njia basichukue. Nikasema miwani ikae pale pia.

Lakini kuko mama moja, Mama Monga, alikimbia vita toka Kabalo na kichwa ya mashini ya kushona mu kitambaa mgongoni, sawa mutoto. Alijaribu kartoni yote. Tujiwe ikabaki mu sahani. Nikaona vidole yake inapapasa muchele polepole, anatafuta tujiwe bila macho, ili anidanganye nimupe tu. Nikamuambia, "Mama, imeisha." Akasema, "Hata moja ya kunifariji, Papa? Nishone shati ya mikono miwili, nisishone ya mitatu?" Bantu bakacheka. Mufuko yangu ikawa nzito sawa chuma ya reli.

Leo asubuhi nilikuja kwako. Umeniona. Nilikuwa na jiwe, nipasue kioo moja kwanza, namna tulitoboa sahani. Nikainua. Mukono ikakataa. Nilikuwa nataka kupasua macho ya mama mwingine, nikiita ile heshima yako.

Nimerudi nayo nyumbani.

Kesho ni siku ya Mungu. Ibada ikiisha nitasimama mbele ya bote, na shefu akiwa pale, na pasteri akiwa pale. Nitaitoa mu mufuko, nitasema, hii niliiba. Batanicheka, bataimba jina yangu mpaka Bukama. Baimbe. Nitamuita Mama Monga na kumuvalisha, na toka kesho mama akitoa tujiwe yote anaenda nyumbani na miwani mu uso, hata akiwa bibi ya nani. Ile nakuahidi, na unajua kichwa yangu ni nguvu.

Kaburi yako itabaki na sahani na kikombe tu. Usinikasirikie.

Mama Monga akifurahi, nitafurahi naye, na ile furaha itaniuma kuliko kilio ya siku ya kukuzika, juu ilikuwa yako mbele. Acha iniume. Lala muzuri, mama.

Bwana yako,
Baba Ngoie