Mshumaa Niliouzima Jikoni kwa Rivka

Jumatatu, 21 Aprili
Barabara ya Beltway imejaa magari tena. Nimefika Falls Church nimechoka kabla ya kazi. Presha, dawa, uji, mashine ya oksijeni. Shosho Rivka, ndivyo ninavyomwita huyu bibi ninayemhudumia, leo mchangamfu. Amenisimulia tena ujana wake Palestina ya Mwingereza: binti wa shule anapita mbele ya askari na bastola chini ya mboga kapuni. Wenzake, Wayahudi waliopigana na Waingereza kwa siri, aliwajua kwa majina ya bandia tu. Waliitwa magaidi. Baadaye chama kilichozaliwa kwao kikatawala nchi mpya ya Wayahudi. Mabomu yao yaliua wapita njia pia. Akifika hapo huinamia mikono yake, hajisifu. Namheshimu zaidi kwa hilo.

Kwetu, wapigania uhuru waliotoka msituni walikuta mashamba yamegawiwa vibaraka wa Mwingereza. Roho imeniuma njia nzima ya kurudi.

Jumanne, 22 Aprili
Nimeharibu.

Asubuhi nimekuta mshumaa ndani ya glasi ukiwaka kwenye sinki. Nyumba yenye oksijeni! Sisi wahudumu tumefundishwa kuzima moto kwanza, maswali baadaye. Nikapuliza.

Shosho akaingia na kigari chake cha kutembelea, akaona moshi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kumbe kwao mshumaa wa marehemu huwashwa kila mwaka, jua likitua kuamkia siku aliyofariki, ukaachwa uishe wenyewe. Huu ni wa mwenzake wa vita, kijana aliyenyongwa na Waingereza. Hakuacha mke wala mtoto. Amebaki Shosho tu wa kumwashia.

Nilitafuta kiberiti. Akaniambia nisiguse kitu. Chakula changu amekikataa.

Jumatano, 23 Aprili
Binti yake, Dina, amepiga simu. Mama anataka mhudumu mwingine kuanzia Jumatatu. Nimelia ndani ya gari. Si kazi, kazi zipo. Ni yeye ninayempenda.

Jioni nimemweleza Mama Neema, Mtanzania wa ghorofa ya chini hapa Adelphi ninakoishi. "Dada, we u-apologize tu. Usianze ku-explain mambo ya oksijeni." Nimekasirika. Lakini amesema kweli.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimeomba radhi. Oksijeni sikuitaja. Shosho akausukuma uji kando.

Basi nikasema ambalo hata kanisani sijalisema. Guka, babu yangu mzaa mama, alinyongwa na Mwingereza huyohuyo. Alikula kiapo, akaingia msituni kupigania ardhi. Walimzika gerezani. Kaburi hatulijui, tarehe hatuijui. Hatujawahi kumkumbuka siku yoyote, maana tungeanzia wapi?

Shosho akauliza jina lake. Karanja. Akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Akaniambia hata kwao wapo waliokufa bila tarehe kujulikana. Jamaa huwachagulia siku. Nami nimchagulie Guka.

Nikashindwa. Nililia mbele yake kama mtoto, nami ndiye ninayelipwa kumtunza.

Ijumaa, 25 Aprili
Ujumbe wa Dina: Jumatatu nije kama kawaida.

Mvua kidogo. Shosho amekula uji wote. Akanituma kwenye kabati la juu. Mna glasi mbili mpya za mishumaa. Amesema siku ya kijana wake inawatosha wawili, yeye na Guka, hao wangeelewana. Nimekubali.

Mwakani hana uhakika kama atakuwepo. Akiwa hayupo, niwashe mishumaa yote miwili mimi. Na nisipulize.

Nimefuta vumbi kwenye glasi, nikafunga kabati.