Baba Mkwe Hataki Filta Mpya Kwenye Lori Lake la Jeshi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na ikiwezekana nijibu upesi, maana tangu jana nimeunguza mboga mara mbili na mume wangu ananiuliza kama nimepagawa.

Mimi ni fundi wa magari makubwa, nimeolewa na fundi cherehani ambaye hadi leo hajui bolti ni ipi na nati ni ipi, lakini baba yake, yaani baba mkwe wangu, ni mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akitengeneza malori kambini, na alipostaafu akanunua mnadani lori la aina ileile aliyoihudumia ujanani, na lori hilo ndilo linalotulisha sote, kwa sababu linavuka mto pale ambapo magari mengine yanageuza, linapeleka mbegu na unga kwa watu wa ng'ambo ya mlima na kurudi na viazi vyao, na mvua zikikolea hakuna kingine chenye magurudumu kinachofika kule.

Sasa tatizo ni filta ya oili. Ya lori hili ni ya kizamani, kopo la chuma lililofungwa kwa bolti moja ndefu katikati, ndani yake kuna kichujio cha kitambaa ambacho kikichafuka unapaswa kukitupa na kuweka kipya, na mdomoni kuna mpira wa duara wa kuzuia oili isivuje, na vyote viwili, mshauri, madukani havipo tena, nimetafuta mpaka wauza spea wakiniona tu wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Baba mkwe anafua kile kichujio kwa mafuta ya taa na kukirudisha, na ule mpira anakata mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya tairi. Safari iliyopita, katikati ya mlima, mpira huo ulikatika, nikaona mshale wa presha ya oili unaanguka, nikampigia kelele shemeji yangu anayeendesha azime injini, na abiria waliokuwa nyuma, akiwemo mama mwenye mtoto mchanga, wakateremka kwa miguu kwenye matope. Mzee alipoelezwa alisema tu, "Mpira huo. Nitakata mwingine."

Ndipo nikapata wazo. Nilichora kitako cha chuma cha kukaa mahali pa lile kopo, nikampelekea fundi anayekereza vyuma, naye akanitolea kitako chenye hesi, ile mikato ya kuzungushia, sawasawa na za filta za kisasa, zile zinazofungwa kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa, ambazo zipo kila duka. Nyuma ya nyumba tuna injini ya akiba ya aina hiyohiyo, mzee aliinunua kwa ajili ya spea, basi nikaifungia kitako na filta mpya, nikaiwasha, nikaiacha ingurume mchana kutwa. Mshauri, presha ilipanda haraka kuliko nilivyowahi kuiona na halikudondoka hata tone la oili. Nilikaa chini palepale nikacheka peke yangu.

Nikaenda kwa baba mkwe, nikapiga goti.

"Baba, nina ombi kuhusu lori. Tuondoe lile kopo, tuweke filta za kuzungusha."

"Mwanangu, lori hili limepita mahali ambapo punda waligoma. Hilo kopo limekukosea nini?"

"Mpira wake ulikatika, baba, tukiwa na watu nyuma."

"Nimeshakata mwingine." Akachukua beseni lake la mafuta ya taa, akaondoka.

Sikumfuata, ni baba mkwe. Siku hizi daktari amemkataza kuendesha, magurudumu hawezi kuyanyanyua, amebaki na kuosha lile kopo na kulipangusa hadi ling'ae, na hata ile bolti hunipa mimi nimkazie. Lakini kitako changu, mshauri, ungekiona kinavyokaa.

Sasa shemeji ananiambia, "Mzee anakwenda kwa dada yake Ijumaa. Funga filta yako, halafu lile kopo lirudishe pembeni tupu, liwe pambo. Atakuwa analiosha, atafurahi, na sisi tutasafiri salama." Nilicheka, kisha nikajikuta nahesabu siku za kufika Ijumaa. Nifunge kimyakimya, au niache kazi nzuri kama ile ioze stoo kwa sababu ya heshima?

Mimi, Mkwe Mwenye Grisi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, Ijumaa ingefika kabla ya gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu. Wasomaji nao wasikie nilichokuambia.

Kwanza hongera. Furaha yako imenifikia hadi mezani kwangu, nami sijawahi kugusa spana.

Pili, huyo shemeji yako mwambie anyamaze. Mzee aliyetumikia injini maisha yake yote mnataka aoshe kopo tupu kama mtoto anayepikia matope? Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi mwongo huishia pale boneti inapofunguliwa. Siku atakapogundua hatakasirikia filta. Atajua nyumba nzima ilikuwa ikimcheka, na hapo hakuna goti litakaloponya.

Tatu, umeandika mengi kuhusu hesi na presha, halafu jambo lenyewe ukalipitia mbio ili urudi kwenye kitako chako. Umesema mwenyewe: haendeshi tena, hanyanyui tena, amebaki na kopo. Wewe umemwendea ukisema, tuondoe kopo. Yeye amesikia, tukuondoe wewe. Ungekubali?

Nimemuuliza fundi wa malori ninayemwamini. Kasema filta ya kuzungusha haikazwi kwa spana. Unapaka oili kwenye mpira wake, unaizungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha unaongeza kidogo, basi. Ile bolti ndefu imemshinda mzee, ndiyo maana anakupa wewe. Hii hataomba msaada wa mtu. Mpeleke kwenye injini ya akiba, mpe filta mkononi, mwombe akague kazi yako kama alivyokagua za vijana kambini. Akikuta kosa, lirekebishe bila kununa. Fundi huyo kaongeza kwamba makopo ya zamani mara nyingi huwa na vali ya kupitisha oili kichujio kikiziba, kwa hiyo hakikisha filta unayochagua ina ya kwake. Na kopo lisitupwe. Lipakwe oili, lifungwe, liwekwe, ili ajue linaweza kurudi.

Akikataa bado? Hapo heshima ina mpaka. Mwambie usoni, kwa adabu, kwamba wewe hupakii watu juu ya mpira wa tyubu, na lori lisitoke. Mama yule na mtoto wake hawakuolewa kwenu, hawana sababu ya kufa kwa ajili ya amani ya nyumba yenu.

Jana mwandishi wa barua hii ameniletea ujumbe, na kwa ruhusa yake nauweka hapa:

"Mshauri, alinisikiliza, akasema ataangalia tu. Aliizunguka ile injini, akapapasa kitako, akauliza vali iko wapi, nikamwonyesha. Kisha akasema nimekaza filta kama ninayemnyonga mtu. Akaifungua, akapaka oili kwa kidole, akaifunga upya mwenyewe, taratibu, macho kayafumba. Tukawasha. Akatazama mshale wa presha mpaka ulipotulia juu. Safari ya kwa dada yake ameiahirisha. Tumeifunga kwenye lori pamoja, na juzi tumevuka mto na kupanda mlima wote, yeye kakaa mbele na shemeji. Kila tuliposimama alishuka, akapitisha leso nyeupe chini ya filta, akawaonyesha abiria kuwa ni kavu, mpaka wakaanza kumpigia makofi. Wakati wa kula, jioni, alimaliza sahani yake, kisha akaniuliza mbele ya wanawe wote: 'Na filta ya dizeli je, kitako chake umeshakichora?'"