Moyo wa Jeilani

Lamu, Novemba 1957

Kwa shemeji yangu Bwana Jaafar, Mombasa,

Assalamu alaykum. Sote tu hai, alhamdulillahi. Halua uliyotuma imefika, na mwanetu Ummu ameila mpaka akakataa wali.

Ile homa ya mafua iliyoupitia mji mzima imeondoka. Nduguyo Jeilani naye ilimtoka, akarudi kuchonga milango yake. Siku chache baadaye nikamkuta ameketi katikati ya ngazi, mkono kifuani, hapati pumzi. Yeye, aliyekuwa akibeba ubao wa mvule peke yake! Daktari akasema, "Homa imekwisha, lakini imemwachia uvimbe kwenye moyo. Ni nadra, ila huwapata hata wenye afya. Asifanye kazi yoyote mpaka nimruhusu."

Alitii, shemeji. Akalala, akaanza kupata nafuu. Kisha ikaja barua yako: "Mafua hayamlazi mwanamume mwezi mzima." Aliisoma, akashika patasi. Nikamwambia, "Babake Ummu, daktari amekataza." Akanijibu, "Kaka anicheka." Hakumaliza hata ua moja la mlango, akaanguka.

Amezinduka, lakini jana alimwinua mtoto akamrudisha chini kabla hajamfikisha kifuani.

Nimechoka kumsihi. Maneno yangu hayamlazi. Yako ndiyo yaliyomwinua kitandani. Basi panda chombo uje, umwambie kwa mdomo wako apumzike. Ukiona haya, uje nayo.

Shemejiyo,
Mahfudha