Naivasha hadi Lodwar, Mama Akiwa Dirishani

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha hapa Karagita, Naivasha, na kuacha. Ziwa limetulia, nami siwezi kutulia.

Kesho mama atapanda ndege.

Nimeandika sentensi hiyo na kuisoma mara tatu. Kwa miaka ishirini na miwili mama alipanga mawaridi katika shamba moja kando ya ziwa, akiyafunga na kuyalaza ndani ya maboksi yaliyopelekwa Ulaya kwa ndege. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege.

Safari yetu ni fupi kuliko ya maua yale. Tutaruka kutoka uwanja mdogo wa Naivasha hadi Lodwar, alikoolewa dada yake, Mama Mkubwa Esther. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo nilinyoosha uzi juu ya ramani ya darasani: takribani kilomita mia nne na arobaini. Rubani anakadiria saa moja na dakika arobaini. Kwa barabara ni kutwa nzima na kipande cha usiku, na tangu mama afanyiwe upasuaji wa nyonga miaka sita iliyopita, hawezi kukaa garini hata hadi Nakuru. Katika miaka hiyo macho ya Mama Mkubwa yamefifia. Siku hizi anatambua rangi kali tu. Mama anataka aonwe kabla hata hizo hazijapotea.

Nakiri kwamba leo nusura niiharibu safari yenyewe.

Ndege ni ya madaktari na imebaki na viti viwili. Nilikuwa nimetuma uzito wa mizigo peke yake. Asubuhi rubani akapiga simu: "Mwalimu, na nyinyi wenyewe je? Nataka uzito wa kweli, si ule wa heshima."

Tukaenda kwenye duka la dawa lenye mizani. Mhudumu akamwomba mama avue viatu. "Mathe, hata viatu vina kilo."

"Hivi ni vya kanisa," mama akajibu. "Havina dhambi, vitakuwa na kilo?"

Alivivua hata hivyo, na bado tulizidi kiwango cha rubani kwa kilo tisa. Rubani alikuwa mpole lakini hakuyumba: mzigo upungue, au mmoja wetu abaki. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitunga maneno ya kumfariji.

Sikuyahitaji. Mama aliketi kitandani, akaimwaga mizigo yote na kuipanga upya kwa mikono ile ya mawaridi. Viazi vya zawadi vikatoka. Madaftari yangu yakatoka pia. "Shule imefungwa. Unaenda kumsahihisha nani huko Lodwar?" Nilipoligusa gauni lake la kitenge cha manjano, zito kama blanketi, akalishika.

"Hilo wacha. Hilo ndilo Esther ataona."

Tukapima tena. Tumetosha, na rubani amekubali.

Sasa gauni limetundikwa mlangoni, na mama ananiuliza kwa mara ya nne tutaondoka saa ngapi. Nami nimejiwekea sharti moja. Tutakapopita juu ya Baringo sitafundisha jiografia, wala sitatazama saa. Mawaridi yake yote yalisafiri gizani, ndani ya boksi. Mama ameomba dirisha.

Nitanyamaza, atazame.