Mikono ya Mama Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa binamu yangu, Bwana Mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Baridi ya huko imekubakizia masikio? Kile kikohozi cha mara ya mwisho tulipozungumza kimepona? Sisi hatujambo. Baba goti linamsumbua, lakini mdomo haumsumbui kabisa. Mama yako ana afya tele, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hukaa ubavuni mwangu akisikiliza kila neno. Binamu, mama yako amenichosha! Yamenifika hapa kooni.

Unajua tuko naye pamoja kazini, tunafua mashuka na taulo za hoteli. Mwezi uliopita zililetwa mashine mpya, na meneja akanipa mimi kazi ya kuwafundisha wenzangu: kuchagua joto la maji, kupima sabuni, kuisimamisha mashine ikileta matata. Alisema waziwazi kwamba asiyeweza kuiendesha peke yake hataongezewa mkataba. Mama Pacha, yule jirani yetu anayelea wanawe peke yake tangu mumewe afariki, hajapata usingizi tangu siku hiyo.

Mama yako alishika mambo upesi kuliko wote. Nikamsifu mbele ya watu. Laiti ningefunga mdomo! Kuanzia hapo, mwenzake akisita kidogo tu, yeye huyo: “Hebu sogea, mwanangu, utahangaika bure. Nipe mimi.” Bonyeza hapa, bonyeza pale, mashine inanguruma, watu wanapiga makofi. Nikaona ni upendo tu. Nikiuliza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja kama wanakwaya. Basi nami, mjinga niliyefurahi, nikamwambia meneja kwamba wako tayari.

Jumatano akaja kuwajaribu. Siku hiyo mama yako alikuwa ameenda kupimwa macho. Binamu, walisimama mbele ya zile mashine kama wageni waliokosea nyumba! Mzee wa Pasi, fundi wetu wa kunyoosha, aliwasha taa ya ndani akasubiri maji. Mama Pacha alimimina kopo zima la sabuni, kwa sababu hajawahi kuipima. Siku zote alikuwa anapimiwa. Povu likatoka mpaka mlangoni na meneja akaondoka na soksi zimelowa. Amesema atarudi Ijumaa hii, na safari hii hana mzaha.

Alhamisi nikamweka mama yako kwenye kiti, nikamwomba kwa heshima zote akae, mikono mifukoni. Mama Pacha akaanza, akakwama kwenye joto la maji, akakuna kichwa. Mama yako huyo, kainuka! Nikapaza sauti: “Shangazi, kaa chini! Unamfukuzisha kazi!” Akavua aproni, akaitundika polepole, akatoka.

Tangu hapo kaninunia. Chai ananiwekea mezani, lakini akiwa na la kusema anamwambia baba: “Mwambie mwanao nguo zake zimekauka.” Jana nikampigia magoti, nikamwomba radhi kwa ile sauti. Akanitazama, akasema: “Mtu anahangaika mbele ya macho yangu, nami naweza, nikae nimwangalie tu? Mwanangu aliondoka hapa hajui hata kuchemsha maji. Sijui anakula nini huko.” Akalia. Nikalia na mimi, kwa huruma na kwa hasira, na sijui ipi ilizidi.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyounguza sufuria mpaka jirani akagonga mlango, na kwamba siku hizi wafanyakazi wenzako wanagombania kuja kula kwako. Ukanikataza nisimwambie, asije akaona humhitaji tena. Imetosha! Mama yako anadhani unashinda na njaa. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu leo hii, basi mpigie kabla ya Ijumaa. Mwambie yote, na hiyo sufuria usiifiche. Mwambie ulijifunza kupika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukunyang'anya mwiko. Nikimwambia mimi hatasikia, na Mama Pacha hana muda wa kungoja.

Baba anakusalimu, goti nalo linakusalimu. Mama Pacha na wanawe wanakusalimu sana. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na usipungukiwe na chochote mezani pako.

Samahani, wino umebadilika hapa. Mama yako amepita, ameona kalamu yangu inakwama, akanipokonya na kunipa yake. Hakuuliza ninamwandikia nani. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka: “Mwambie avae sweta.”

Mpigie, Bwana Mkubwa.

Akupendaye hata akiwa amekasirika,
Binti wa mjomba wako.