Kipande Changu cha Mfereji

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa Same, kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga binti yetu, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa kitenge. Najua ungeanza kwa kuuliza ninafanya nini huku kwenye joto lote hili. Ngoja nikueleze taratibu, maana tangu tukuzike mengi yamenipata na sina wa kumsimulia yote kwa pamoja.

Goti langu lilikatika kano. Lilikatikia ndani ya mfereji, siku ya msaragambo, kijiji kizima kilipotoka kuusafisha. Pembe ilipulizwa alfajiri kama ilivyo kawaida, nami nikabeba koleo nikaenda kuchimba na wenzangu, kwa kuwa nyumba yetu haina tena mtu mwingine wa kumtuma. Nilikuwa kwenye kipande changu, kile cha chini ya ndiva tunapokusanyia maji ya usiku, karibu na mgomba ulioinama. Mguu ulikuwa umezama kwenye tope, nikageuka kulitupa tope ukingoni. Mwili uligeuka, mguu haukugeuka. Kitu kikalia ndani ya goti kama kijiti kikavu, hata jirani yetu Mama Anaeli, aliyekuwa kwenye kipande kinachofuata, alidhani nimekanyaga tawi. Walinibeba kwenye kiti mpaka barabarani.

Daktari wa Moshi alisema wengi wa umri wangu huachwa waishi hivyo hivyo. Kisha akaniuliza naishi wapi. Nilipomweleza njia ya kwetu jinsi inavyopanda, akacheka, akasema basi hilo goti itabidi tulitengeneze.

Upasuaji ulipita nimelala. Kazi ni paja, Baba Neema. Ungeliona usingelitambua. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwatangazia watu kwamba ulinitoa Shighatini, kule Ugweno, kwa sababu ya miguu? Eti uliniona napanda na mkungu wa ndizi kichwani, wewe uko nyuma mikono mitupu na unahema. Ulilisema hilo hata mbele ya mchungaji, nikatamani kuingia chini ya meza. Miguu yenyewe ndiyo hii. Wa kushoto bado ni wa Shighatini. Wa kulia sijui ni wa nani, umekonda hadi suruali ya mazoezi aliyoninunulia Neema inapepea upande mmoja.

Mtaalamu wa mazoezi hapa Same ni kijana mpole, ananipa shikamoo kwanza ndipo anitese. Alianza kwa kunifundisha kukaza msuli nikiwa nimelala, kanga iliyokunjwa chini ya goti, niikandamize kwa nguvu. Nikajaribu. Paja halikusikia. Lilibaki limelala pale kama la mtu mwingine, nami nikalia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu nimeutuma mguu wangu mwenyewe ukakataa, na wewe ambaye ungenitania mpaka nicheke hupo.

Neema huondoka asubuhi kwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi na hurudi jioni amechoka. Mchana kutwa nyumba ni yangu na upepo, ule unaoleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Majirani ni watu wema waliotoka huku na huku kufuata kazi. Wananisalimia vizuri na kupita. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba nilikuwa na mume anayeimba besi kanisani na kukosea kila ubeti wa tatu. Nikigeuza kiti naiona milima yetu, mawingu yameikalia, najua huko inanyesha na huku hata tone halifiki. Nafanya mazoezi nikiwa nimeielekea.

Nilipoambiwa niongeze uzito, nilifunga mfuko wa maharage kwenye kifundo cha mguu nikawa nanyanyua. Jioni moja Neema akayapika yale maharage kwenye makande. Nikala tu.

Polepole paja likaanza kusikia. Kuinuka kwenye kiti bila kushika meza nikaweza, kupanda ngazi ya kibaraza nikaweza. Kushuka ndiko kulikonishinda. Kijana alinisimamisha juu ya tofali, akasema niteremshe mguu mzima hadi chini, ule uliopasuliwa ubaki juu kubeba mwili. Mkono wangu ukatangulia wenyewe kutafuta bega lako. Wewe unajua kwa nini. Njia yetu tukiipanda ulikaa nyuma yangu, tukiishuka ulikaa mbele, na pale penye jiwe la utelezi niliweka mkono begani kwako. "Nipo mbele," ulikuwa ukisema. "Ukianguka utaniangukia mimi."

"Mama, usishike kitu," kijana akaniambia.

"Sishiki kitu, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Hakunielewa, akaandika kwamba naendelea vizuri.

Halafu Mama Anaeli akapiga simu. Msaragambo mwingine ulikuwa umepita, mfereji wote umesafishwa. Nikamuuliza na changu je. "Chako tumekiacha," akasema, kisha mtandao ukakatika. Niliumia, siwezi kukuficha. Wewe ulipofariki, kipande chako kilichimbwa kabla hata matanga hayajaisha, watu waliimba wakichimba, nikafarijika kuona unavyopendwa. Mimi niliye mgonjwa nimeachiwa majani. Jioni hiyo Neema akasema lile alilokuwa akilizungukia kwa muda mrefu.

"Mama, shamba tumpe mtu alime. Ukae na mimi hapa. Huko juu utakuwa unapanda na kushuka na nani?"

Ana haki mtoto. Nikaona kwamba nisipoweza kurudi mwenyewe kwa mguu wangu, nyumba yetu itafungwa, na mimi, mgeni kutoka Ugweno, nitakuwa nimekuja, nimezaa, nimezika, nimesahauliwa. Asubuhi nikarudi kwenye tofali.

Barua niliiachia hapo. Naimalizia nikiwa nyumbani, Baba Neema, kwenye meza yako.

Kijana aliniruhusu baada ya kunishusha na kunipandisha ngazi zote za jengo lao. Gari likanifikisha Gonja, nikapata pikipiki hadi mwisho wa barabara. Njia iliyobaki nilipanda kwa mguu, fimbo mkononi. Neema alikuwa kazini. Nilipanda nikipumzika kila nilipoona panakalika, na kila nilipopumzika niligeuka nyuma. Tabia tu. Hapakuwa na mtu.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda mferejini. Kipande changu nilikikuta kimejaa majani hadi kiunoni, tope la ukingoni limekauka lina alama ya koleo langu, maji yanapita pembeni kwa shida. Juu yake pasafi, chini yake pasafi. Nilisimama hapo na hasira yangu mpaka Mama Anaeli akanifikia, amebeba majani ya ng'ombe.

"Umeona tulivyokulindia?" akasema, anatabasamu kabisa.

"Mmenilindia nini? Majani?"

Akautua mzigo. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeshuka garini leo. "Mama Neema, cha marehemu ndicho tunachokichimba, ili apewe mwingine. Cha aliye hai anaachiwa mwenyewe. Tungekigusa tungekuwa tumekuzika. Wapo waliotaka kukigusa, maji yanawasumbua huko chini. Tukawaambia anarudi."

Miaka yote hiyo hukuniambia. Labda hukuona haja, maana wewe na mimi hatukuwahi kukosa msaragambo hata mara moja, na mimi sikuwahi kuona cha aliyekosa kinafanywaje. Nimekukasirikia kidogo. Nimekaa huko chini nikijihesabu nimesahauliwa, kumbe watu wanavumilia maji haba kwa ajili yangu.

Mama Anaeli alitaka kunisaidia nikakataa. Nilichukua koleo lake nikaingia. Safari hii nilitoa mguu kwenye tope kwanza ndipo nikageuka. Paja lilitetemeka, lakini lilibeba. Nilichimba sehemu ndogo sana, penye mgomba, nikaona maji yanapita katikati yanakotakiwa kupita. Yaliyobaki nitachimba kesho na siku nyingine.

Kutoka pale hadi nyumbani ni kushuka, unajua. Penye lile jiwe nikasimama. Mkono ukatangulia tena kutafuta bega, nikauacha utafute. Haukupata kitu. Nikaurudisha nikauweka juu ya paja langu la kulia, nikalisikia limekaza, gumu, la kwangu. Nikashuka.

Nimepika makande, nimekosea tena kipimo, yametosha watu wawili. Lala salama huko kilimani, karibu na mgomba wa kaburini kwako. Nikipata nguvu zaidi nitapanda nije kupalilia na huko.

Ni mimi niliyekuwa nikiweka mkono begani kwako,
Mama Neema